Tangazo Lisilochanika

Kuna tangazo moja nililoliandika kwa vidole vyangu, katika ofisi ya redio yetu ndogo hapa Ujiji, ambalo bado linasomeka kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua. Linataja jina la mwanamke, jina la baba yake, kijiji alichokuwa akiishi, kanisa alilokuwa akisali na umri wa watoto wake wawili. Kwetu lilifutwa zamani. Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika haya, nimelitazama tena. Lipo vilevile. Hata herufi moja niliyoikosea kwa haraka bado imekosewa.

Nawaandikia ninyi mliochukua meza yangu. Nimestaafu, lakini siku za boti mnaniona nikiingia na kukaa kwenye benchi la mlangoni na chupa yangu ya chai. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimesahau kwamba niliagwa kwa keki na vitenge viwili. Sikusahau, na vitenge nimeshavishona. Kuna mtu ninamngoja. Ili mjue ni nani, itabidi niwaeleze kazi ya matangazo tulivyoifanya, tulivyoihamisha, na mahali nilipokosea.

Watangazaji wenye sauti nzuri walijulikana mjini kote. Mimi nilijulikana kwa wenye shida. Aliyefiwa alikuja kwangu, aliyepoteza mzigo kwenye boti alikuja kwangu, mwenye boti aliyeahirisha safari ya Mwamgongo kwa sababu ya upepo alinipigia mimi. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi walileta matangazo ya mikutano yao wakiwa na vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Na walikuja ndugu wanaotafutana. Hao hawakuisha. Watu wa mwambao huu wamevuka ziwa na mpaka mara nyingi, kila safari na sababu yake, na karibu kila nyumba ina mtu ambaye haijulikani alishukia wapi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kasongo, mtu mfupi mwenye kofia ya vito na kalamu mbili mfukoni, moja ya wino na moja ya risasi, ambaye wazee wake walifika Ujiji kutoka ng'ambo ya ziwa. Wiki yangu ya kwanza alinipa tangazo dogo la mbuzi aliyeokotwa. Niliandika vizuri sana: mbuzi mweusi, jike, ana kovu sikio la kushoto, mwenyewe afike kumchukua. Likasomwa. Kesho yake tulikuwa na watu saba uani, kila mmoja ni mwenyewe, na wawili walikuja na kamba kabisa. Nilikuwa nimesahau kuandika mbuzi yuko wapi, wakadhani yuko redioni. Mmoja aligoma kuondoka. Alisema anamsikia akilia nyuma ya studio.

Mzee Kasongo hakunigombeza. Alinipa kipande cha kadibodi akaniambia niandike maswali manne, nikibandike juu ya meza. Nani? Mtoto wa nani? Yuko wapi? Apatikane kupitia kwa nani? Akasema, "Mwajuma, tangazo lisilo na mahali ni kelele tu." Kadibodi ile nilikaa nayo mpaka ikawa rangi ya chai.

Alikuwa na desturi mbili nyingine. Ya kwanza, kabla mwenye tangazo hajaondoka, unamsomea polepole ulichoandika, naye anakubali kwa mdomo wake. Watu wengi hapa Kiswahili ni lugha yao ya pili. Mtu anaweza kuitikia tu kwa adabu. Kwa hiyo unasoma, unamtazama usoni, unasoma tena. Ya pili, tangazo lilisomwa mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, na baada ya mara ya tatu aliichana karatasi vipande vinne akavitia kwenye kopo la rangi lililokuwa chini ya meza. Mimi nilidhani ni usafi. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye suti anataka kuona matangazo ya mwezi uliopita, akajieleza sana, akaweka na soda mezani. Mzee Kasongo alimjibu kwamba redio haina kabati. Soda alikunywa.

Miaka ikapita, Mzee Kasongo akatangulia mbele ya haki, na tangazo lake nililisoma mwenyewe. Halafu simu zikajaa. Watu wakaacha kungoja saa ya matangazo; wakataka kuyaona muda wowote. Ofisi ikafungua ukurasa kwenye mtandao mkubwa, ule ambao kila mtu yupo, nami nikawa napiga chapa ninayoyaandika. Miezi ya mwanzo nilifurahi kama niliyenunuliwa cherehani. Tangazo la upepo lilimfikia abiria akiwa bado nyumbani, hajabeba godoro lake mpaka bandari ya Kibirizi bure.

Kisha nikaanza kuona mambo. Tangazo la msiba lilitokea na picha ya watu wanaocheza kamari chini yake, wanacheka. Tangazo la boti lililokuwa likionekana na watu wengi likaanza kuonekana na wachache, na ukurasa ukaniuliza kama ningependa kulipia ili lionekane. Wafiwa walioacha namba zao za simu walipigiwa na matapeli waliojifanya ndugu wa marehemu. Mwisho, asubuhi moja, nikakuta ukurasa wetu umefungwa. Hatukupewa sababu. Nilijaza fomu ya malalamiko mara nyingi, nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu. Siku hiyo boti mbili ziliahirishwa na sikuwa na pa kusemea isipokuwa redioni, saa sita, wakati abiria walikwishalowa.

Hapo ndipo alipoingia Zuhura. Wengi mnamfahamu, ni fundi wa kompyuta, alisoma chuo Mbeya akarudi kufungua duka lake karibu na soko. Ni binti wa rafiki yangu, huniita shangazi. Alituambia ipo mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja. Tukashangaa. Akachukua mfano wa mialo yetu, pale boti zinapotia ufukweni. Kila mwalo una mwenyekiti wake, kanuni zake, na mahali pake pa kuanikia dagaa. Mwamgongo hawaombi ruhusa Ujiji. Lakini boti zinakwenda huku na huko, na mtu wa Mwamgongo anasalimiana na mtu wa Ujiji bila kuhama kwao. Mtandao huo ni hivyohivyo. Sisi tungekuwa na seva yetu, yaani kompyuta inayohifadhi matangazo yetu na akaunti za watu wetu, na seva hiyo ingezungumza na nyingine duniani.

Tuliitisha kikao uani. Namkumbuka Mzee Bukuru, mwenye boti wa Mwamgongo, amekaa mbele miguu ameinyoosha, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwishaamua.

"Yaani tunahama nyumba yenye umeme, tunakwenda kwenye kibanda chetu wenyewe?"

"Ndiyo, Mzee," Zuhura akasema. "Ila ufunguo wa kibanda tutakuwa nao sisi."

"Na kikivuja?"

"Kikivuja utaniita mimi. Kule kwenye umeme ulikuwa unamwita nani?"

Watu walicheka, naye alicheka, lakini hakunyamaza, na namshukuru. Maswali yake ndiyo yaliyotupa mizani. Tulipima mambo matatu, nami niliyaandika.

La kwanza lilikuwa siri. Kule tulikotoka lazima utoe namba ya simu, na namba hiyo ndiyo waliyokuwa wakiichukua matapeli. Seva yetu ingemkubali mtu bila namba. Zuhura hakutuficha kwamba mwenye seva anaweza kusoma hata ujumbe wa faragha akitaka, kwa hiyo ni lazima mwenye seva awe mtu mnayemwamini. Tulimchagua yeye na mhasibu wa redio, kila mmoja na nusu ya neno la siri.

La pili lilikuwa bei. Mtandao mkubwa ulikuwa bure mpaka siku tulipotaka kuonekana. Seva ya kukodi ilidai kodi kila mwezi, inayokaribiana na bei ya dumu kubwa la mawese. Ya kuweka ofisini ilikuwa rahisi zaidi, lakini umeme wetu mnaujua. Tukakodi. Wenye boti wakachanga, wakulima wa Kalinzi wakachanga, na Mzee Bukuru alichanga wa kwanza ili apate haki ya kulalamika.

La tatu lilikuwa programu. Zuhura alijaribu tatu. Moja ilikuwa nzuri kama harusi, ila ilikula bando lote kabla hujasoma salamu. Nyingine ilidai simu mpya. Kipimo chake kilikuwa simu ya Mzee Bukuru, iliyopasuka kioo na kufungwa kwa mpira: ikifunguka pale, itafunguka popote. Programu ya tatu ilifunguka. Vitufe vyake vilikuwa vya Kiingereza, Zuhura akakaa wiki mbili akivitafsiri, mimi nikimsahihisha na yeye akinibishia.

Tukahama. Wiki ya kwanza tulikuwa wachache mno. Tulisalimiana asubuhi, tukasalimiana tena mchana, kama wageni waliowahi kwenye shughuli. Ila hakuna aliyekuja kutuuzia kamari. Polepole watu wakafuata, kisha seva za mbali zikaanza kutusoma. Watu wa huku waliokwenda nchi za mbali wakaona matangazo ya misiba ya kwao siku ileile. Nikamwona mtu wa ughaibuni akimpa pole mtu wa Simbo. Nilijisikia nimefanya kazi. Nilipaswa kujiuliza maneno yale yanafikaje huko, na yakishafika yanakaa wapi. Sikujiuliza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Esperansi. Jina hilo nimempa mimi, na la dada yake pia nimelibadilisha. Kijiji nakitaja kwa kuwa ameshahama. Ni mama wa makamo, mtu wa asili ya Burundi, alikuwa akilima muhogo na maharage Simbo. Alinisalimia, nikamjibu kwa Kirundi changu cha sokoni, akatabasamu kwa huruma, tukaendelea kwa Kiswahili. Alikuwa akimtafuta dada yake, Goreti. Walipotezana wakiwa wasichana, siku familia ilipogawanyika njiani, wengine wakapanda boti na wengine wakabaki. Mama yao alikwishafariki bila kujua kama Goreti yu hai. Esperansi alitaka mtu mmoja tu wa damu yake awajue wanawe.

Katika mazungumzo alinigusia jambo. Mumewe alikuwa amefariki, na ndugu za mume walitaka watoto. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na mjane akiondoka anaondoka mikono mitupu. Yeye aliondoka na wanawe wote wawili, akaja Simbo ambako hakuna aliyemjua. Alisema hivyo akitazama mlango. Mimi niliyejisifia jicho la habari niliandika maelezo hayo kichwani kama kisa cha kusikitisha, halafu nikashika kazi.

Nikamuuliza maswali ya kadibodi. Nani? Mtoto wa nani? Yuko wapi? Apatikane kupitia kwa nani? Akajibu yote, mpaka kanisa analosali. Nikaongeza umri wa watoto, kwa kuwa Goreti angependa kujua watoto wa dada yake wamekua kiasi gani. Nikamsomea polepole, nikimtazama usoni. Akakubali. Nikamsomea tena, akakubali tena, akanishukuru kwa Kirundi, "urakoze, mama," akaenda.

Baadaye sana niliujua undani wa kukubali kwake. Alikuwa ameisikiliza redio yetu miaka yote. Alijua tangazo husomwa mara tatu, kisha hunyamaza. Alihesabu kwamba Goreti huenda akasikia, au jirani wa Goreti, na shemeji zake, walio mbali na mawimbi yetu, hawatasikia. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa redio. Mimi nililisoma redioni mara tatu, nikachana karatasi, kisha nikaketi nikalipiga chapa mtandaoni kama nilivyokuwa nikifanya kwa matangazo yote. Sikumwambia. Sikuona kama kuna la kumwambia.

Siku ya nne lilikuja jibu. Liliandikwa kwa herufi ndogo tupu: ni mimi goreti, niko mbali, kama wewe ni esperansi wangu niambie mama alikuwa akikuita nani. Nilituma mtu Simbo kwa pikipiki. Esperansi alikuja na kanga ya shambani, akakaa kwenye kiti changu, akaniambia jina la utotoni, nami nikaliandika kwenye ujumbe wa faragha. Jibu lilipokuja alilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, akaweka kiganja kwenye meza kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Goreti alisema hana simu yake, hutumia ya mwenzake. Alisema atatafuta njia ya kuja.

Kama yangeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kusimulia kwenye keki.

Wiki mbili baadaye Esperansi alirudi, safari hii na watoto na mabegi mawili. Mwanamume mmoja alikuwa ameonekana kwenye soko la Simbo akiuliza mjane mwenye watoto wawili, anayesali kanisa fulani. Alitaja umri wao. Niliposikia umri, nilijua ametoa wapi, kwa sababu kuongeza umri lilikuwa wazo langu.

Siku ileile Zuhura alimpatia mahali pengine pa kukaa. Zuhura alilifuta tangazo mbele yangu, na akafuta jina la utotoni kwenye ujumbe wetu. Nikafungua simu yangu, halikuwepo. Nikapumua. Nilisema moyoni, karatasi imechanika.

Karibu mwezi ulipita. Nilikuwa mezani, asubuhi, akaingia mwanamume wa makamo, nguo safi, viatu vya safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alikaa akaeleza bila haraka. Alikuwa shemeji yake Esperansi, ametoka mbali, watoto wale ni wa kaka yake, na bibi yao anawalilia. Huenda alikuwa akisema kweli kuhusu bibi. Nikamwambia matangazo yetu yana muda wake, yakiisha tunayachana, na mimi ni mtu mzima, sikumbuki kila aliyekuja.

Akatoa simu, akaifuta kioo kwa shati, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mbona hili halijachanika?"

Lilikuwa tangazo langu, neno kwa neno. Lakini juu yake kulikuwa na mstari wa kijani. Ukurasa wetu una mstari wa buluu. Nilikaa nikiutazama ule mstari, kwa sababu usoni mwake sikuweza kumtazama. Nikamwambia sijui mama huyo alipo, na wakati huo ilikuwa kweli. Zuhura ndiye aliyejua, na tulikubaliana asiniambie. Yule bwana alishukuru, akaaga kwa adabu, akaondoka. Sijamwona tena. Nasikia alikaa mjini siku kadhaa.

Zuhura alipokuja nilimwambia habari ya kijani, naye akakaa chini kabla ya kunijibu. Akanieleza jambo ambalo nilitakiwa kuuliza kwenye kikao kile uani. Tangazo likitoka kwetu, kila seva inayotufuata inachukua nakala yake. Tukilifuta, seva yetu inatuma ombi kwa zote: tafadhali futeni na nyinyi. Nyingi hutii papo hapo, zilikwishatii. Lakini ni ombi, siyo amri. Hii ya kijani ilikuwa seva ndogo inayotumia programu ya zamani, isiyoelewa ombi letu. Mwenyewe tulimwandikia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa alichotusaidia padri mmoja. Kimya. Pengine amefariki na kodi inajilipa. Pengine haangalii barua.

"Basi tukate nayo," nikasema. "Tuifungie mlango."

"Tunaweza, shangazi. Matangazo yetu mapya hayatakwenda kule tena. Ila la Esperansi halitatoka."

"Ni afadhali hivyo kuliko hivi."

Zuhura akageuza kompyuta yake nione. Akaunti ya Goreti, ile ya herufi ndogo tupu, ilikuwa na mstari wa kijani juu. Dada alikuwa amesoma tangazo kwenye seva ileile, na alitujibu kutoka seva ileile. Tukiifungia, yule ambaye hatukumtaka alikwishasoma, na yule tuliyemtaka ndiye atakayebaki nje.

Kikao kiliitishwa tena. Mzee Bukuru alisema yeye boti ikivuja anaziba. Zuhura akamjibu kwamba kuziba hakuondoi maji yaliyokwishaingia. Wakulima wa Kalinzi walihofia matangazo yao yajayo, na walikuwa na haki. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikaa pembeni kama mtu mwenye kesi, maana nilikuwa nayo. Mwishowe nikasema, mwenye tangazo aulizwe. Hatukuwa tumemuuliza.

Zuhura alimpigia. Esperansi alisikiliza yote, hata habari za programu, kisha akaongea na sisi wote kwa kipaza sauti cha simu.

"Msifunge," alisema. "Yule ameshanisoma. Dada yangu hajamaliza kunisoma."

Mzee Bukuru alivaa kofia yake akasema basi, mwenye mali amesema. Hatukufunga.

Tukabadilisha kazi. Kadibodi ya Mzee Kasongo ipo bado mezani kwenu, lakini mtaona nimeongeza swali la tano, nimeliweka juu ya mengine manne: Nani hutaki asikie? Liulizeni kabla ya jina. Mtu akikaa kimya baada ya swali hilo, wekeni kalamu chini mngoje. Ukimya huo ni jibu linalotafuta maneno. Tangazo la mtu anayetafutwa na asiyemtaka lisitoke na mahali pake. Mahali pawe redio. Mweleze kwamba la redioni linanyamaza na la mtandaoni halinyamazi, kwa maneno hayo hayo, halafu yeye achague mojawapo. Matangazo ya upepo na boti yaache yaende duniani kote, upepo hauna shemeji. Na usimwambie mtu kwamba mtandao huu wetu ni salama. Mwambie una ufunguo, na mwambie pia mahali ambapo ufunguo wetu haufiki. Mimi bado nasema tulifanya vizuri kuhama. Huko tulikotoka nisingejua hata nakala ziko ngapi, wala nisingekuwa na mtu wa kumwuliza habari ya kijani. Lakini kuhama kulinifanya niwaze nyumba mpya, nikasahau kwamba desturi zangu nilihama nazo vilevile, bila kuzikagua.

Sasa naelewa kopo la rangi la Mzee Kasongo. Hakuniambia. Labda alidhani nimeona.

Ilibaki kumwelekeza Goreti. Kijiji kipya hakikuweza kuandikwa kwenye ujumbe unaopita kule, kwa kuwa mwenye seva, au yeyote aliyeshika funguo zake, anaweza kuusoma. Esperansi alikaa tena kwenye kiti changu akaniambia niandike hivi: dada, tulihama, ukifika Ujiji uliza redio, uliza mama wa matangazo, mwambie jina la utotoni.

Jina lile, kumbukeni, liliwahi kupita kwenye seva ile, ndani ya ujumbe wa kwanza. Zuhura alilikumbuka kabla yangu. Kwa hiyo tukabadilisha: asitaje jina la Esperansi, ataje la utotoni alilokuwa akiitwa yeye Goreti mwenyewe. Hilo halijaandikwa kokote. Esperansi aliniambia sikioni, na liko hapo.

Haya nimeyaandika kwa kalamu, kwenye daftari, makusudi. Mzunguke nalo ofisini. Mkishalisoma mara tatu, kopo bado liko chini ya meza.

Siku nitakapokuwa siwezi kuja nitamwita mmoja wenu nimwambie lile jina kwa mdomo. Bado sijaamua nani. Esperansi hupiga simu ofisini kila Ijumaa, haulizi kitu, anasalimia tu, nami namwambia bado. Wanawake watatu wamekwishaniulizia mlangoni tangu wakati huo. Wawili walikuwa na misiba. Wa tatu alisimama kidogo, akasema amekosea nyumba, akaenda kabla sijainuka kwenye benchi, na mpaka leo sijui alikuwa nani. Mstari wa kijani upo, njia ya kwenda kule iko wazi, na programu yetu inaonyesha kwamba ujumbe wa Goreti umetumwa. Kama umesomwa, haionyeshi.